Betri Mpya Hutangazwa Kila Mwezi, Mbona Hatuzioni Dukani?

Haupiti mwezi bila habari ya betri ya ajabu. Leo ni betri itakayojaa kwa dakika 5, kesho ni betri isiyoweza kuungua, keshokutwa ni "betri ya chumvi" ambayo, kwa mujibu wa ujumbe unaozunguka katika makundi ya WhatsApp, itayafanya madini ya lithiamu yawe kama kokoto. Msomaji huitazama simu yake, ambayo saa kumi alasiri imebakiwa na asilimia 9, kisha huuliza swali la haki kabisa: hizo betri ziko wapi? Wapo wanaojibu kwamba makampuni makubwa yanazificha. Jibu la kweli halina siri yoyote, ila ni refu kidogo, kwa sababu linatutaka tujue kwanza kilichomo ndani ya betri, na kwa nini ukibadilisha kitu kimoja humo unavuruga vingine vitatu.

Pantoni, daraja na ushuru

Betri haihifadhi umeme kama pipa linavyohifadhi maji. Inahifadhi kemikali ambazo zikikutana hutoa umeme. Ndani yake mna pande mbili, upande hasi na upande chanya, na katikati mna elektroliti, ambayo katika simu nyingi ni kimiminika kinachopitisha ayoni. Ayoni ni atomi iliyopoteza au iliyoongezewa elektroni, ile chembe ndogo sana ambayo mwendo wake katika waya ndio tunaouita umeme. Lithiamu inapendwa kwa sababu ni metali nyepesi kuliko zote na huiachia elektroni yake moja bila ubishi.

Anayeishi Dar es Salaam ataelewa haraka akiifikiria Kigamboni. Tuchukulie kwamba pantoni inabeba waenda kwa miguu tu, na kwamba magari yote sharti yazungukie Daraja la Nyerere, ambako hulipa ushuru. Waenda kwa miguu ni ayoni za lithiamu: hukatiza majini, yaani ndani ya elektroliti. Magari ni elektroni: hayaruhusiwi majini, kwa hiyo huzunguka kwa waya wa nje, na ushuru yanaoulipa darajani ndiyo kazi inayowasha kioo cha simu au kuzungusha mota ya bodaboda ya umeme. Ng'ambo, kila mwenda kwa miguu hulikuta gari lake. Simu inapotumika, msafara huenda upande mmoja. Unapochomeka chaja, unaulazimisha msafara wote urudi ulikotoka. Sifa ya betri inayochajika ni kwamba safari hiyo inaweza kurudiwa mara mamia au maelfu bila watu kupotea njiani na bila gati kubomoka.

Shika picha hiyo, kwa sababu karibu kila tangazo la betri mpya linahusu mojawapo ya mambo matatu: gati la upande huu, gati la upande ule, au maji ya katikati. Habari isiyosema ni lipi kati ya hayo limebadilishwa bado haijasema kitu.

Neno jingine la kulielewa mapema ni kiasi cha nishati kwa kilo. Uniti moja ya umeme unayonunua kwa tokeni ni kilowati-saa moja. Ukitaka kuihifadhi uniti hiyo katika betri za risasi, zile nzito za magari ambazo asili yake ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté ya mwaka 1859, utahitaji betri za kilo 25 hadi 33 hivi. Seli nzuri za lithiamu hufanya kazi hiyo kwa kilo 4 hadi 7. Petroli hubeba nishati ya uniti moja katika gramu zisizozidi 90, ingawa injini hupoteza sehemu kubwa yake kama joto. Pengo hilo kati ya kilo na gramu ndilo linalowanyima usingizi watafiti.

Betri ya lithiamu tunayoitumia leo haikuzaliwa siku moja. Katika miaka ya 1970 Stanley Whittingham, akifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Exxon nchini Marekani, alitengeneza betri yenye lithiamu tupu upande hasi. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake huko Oxford walionyesha kwamba oksidi ya kobalti ingefaa upande chanya. Wakati huohuo Rachid Yazami, mzaliwa wa Fes nchini Moroko aliyekuwa akifanya utafiti Ufaransa, alionyesha kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka ndani ya kinywe, yale madini meusi ya penseli. Akira Yoshino wa Japani aliunganisha mawazo ya aina hiyo katika betri salama mwaka 1985, na Sony wakaiingiza sokoni mwaka 1991. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2019 ilikwenda kwa Whittingham, Goodenough na Yoshino; Yazami hakutajwa, na kwa maoni yangu hilo ni pengo katika tuzo ile. Hata hivyo, angalia miaka: kutoka kwenye ugunduzi wa Oxford hadi dukani ilipita miaka 11, na hiyo inahesabiwa kuwa haraka.

Noti ndani ya kanga

Kinywe, yaani madini meusi yaleyale yanayotengeneza risasi za penseli, ndiyo gati la upande hasi katika betri nyingi. Kimeumbwa kwa tabaka jembamba juu ya tabaka. Mama zetu walipozificha noti katikati ya kanga zilizokunjwa sandukuni, walikuwa wakifanya jambo hilohilo: noti huingia na kutoka, na kanga hubaki kama zilivyo, zikifutuka kidogo tu. Kinywe hufutuka kwa asilimia 10 hivi kinapojaa lithiamu. Tatizo lake ni nafasi, kwa kuwa atomi sita za kaboni zinahitajika ili kuipokea atomi moja ya lithiamu.

Silikoni ina ukarimu zaidi. Atomi moja ya silikoni hupokea karibu atomi nne za lithiamu, na kwa uzito uleule inaweza kubeba mara tisa hivi ya kile kinachobebwa na kinywe. Kwa nini basi tusiitumie tu? Kwa sababu inapojaa hufura hadi kufikia mara tatu au nne ya ukubwa wake wa awali, kisha hunywea tena inapotoa. Aliyewahi kujenga juu ya udongo mweusi wa mbuga anayajua matokeo: mvua ikinyesha udongo unafura, kiangazi unanywea, na baada ya misimu michache ukuta una nyufa za kupitisha kidole. Silikoni hupasuka vivyo hivyo. Ndiyo maana viwanda huichanganya na kinywe kwa kiasi kidogo, na ndiyo maana mtafiti anayesema amefanikiwa kutumia silikoni tupu anapaswa kuulizwa mara moja: imechajiwa mara ngapi?

Kupasuka kwenyewe kungeweza kuvumilika kama si jambo moja linalofuata. Mara ya kwanza betri inapochajiwa, elektroliti inayogusa upande hasi hugeuka kuwa utando mwembamba, mfano wa ngozi inayojitanda juu ya uji unaopoa. Utando huo ni wa heri, kwa kuwa unaikinga elektroliti iliyobaki isiendelee kuharibika. Lakini kila ufa mpya unapotokea, sura mpya ya silikoni hukutana na elektroliti, utando mwingine hujitanda, na kila utando hula lithiamu ambayo haitarudi kazini. Ukiendelea kuondoa ngozi ya uji kila inapojitanda, mwishoni unabaki na sufuria.

Hapa ndipo hesabu inapoanza kuwa kali. Tuseme katika kila safari ya kwenda na kurudi, wasafiri 99 kati ya 100 wanafika salama. Asilimia 99 inasikika kama alama ya kujivunia, na mwandishi wa habari asiyejua ataiweka kwenye kichwa cha habari. Baada ya kuchaji mara 100, hata hivyo, watakaokuwa wamesalia ni 37 tu. Ukiboresha mpaka asilimia 99.9, baada ya kuchaji mara 500 watasalia 61. Ni pale tu unapofika asilimia 99.99 ndipo baada ya mara 500 unabaki na 95. Tofauti kati ya betri ya kutupa na betri ya kuuza iko katika tarakimu hizo za mwisho, na kazi ya miaka mingi ya maabara ni kuzisogeza hizo tu.

Kobalti inapopunguzwa

Upande chanya ndio wenye gharama kubwa, na ndio unaotugusa zaidi sisi wa ukanda huu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, sehemu kubwa ikitoka Lualaba na Haut-Katanga, na mnamo Februari 2025 serikali yake ilisitisha usafirishaji wa madini hayo nje ili kuinua bei iliyokuwa imeporomoka. Watafiti wamekuwa wakiipunguza kobalti kwa miaka mingi. Betri za magari zilizokuwa na nikeli, manganizi na kobalti kwa viwango sawa zimeelekea kwenye mchanganyiko wa nikeli sehemu nane, manganizi moja na kobalti moja. Nishati imeongezeka, lakini nikeli ikizidi, ule upande chanya huanza kuiachia oksijeni yake kwa urahisi zaidi betri inapopata joto kali, na oksijeni ndani ya kitu kinachowaka ni kama pumzi ya mfua chuma.

Kisha kuna habari ambayo haikupigiwa tarumbeta. Mwaka 1997 maabara ya Goodenough, aliyekuwa amehamia Texas, ilitangaza malighafi ya fosfeti ya chuma na lithiamu. Haina kobalti wala nikeli. Ilionekana dhaifu, kwani ilipitisha umeme vibaya mno, mpaka watafiti wakajifunza kuisaga iwe punje ndogo sana na kuipaka kaboni. Leo aina hiyo inachukua karibu nusu ya soko la betri za magari ya umeme duniani. Hubeba nishati kidogo kwa kilo kuliko aina za nikeli, lakini oksijeni yake imeshikwa imara na fosforasi, na hudumu kwa kuchajiwa mara maelfu. Ukiingia katika duka la vifaa vya sola ukaonyeshwa "betri ya lithiamu", yaelekea ni hiyo. Soma kibandiko: ukiona LiFePO4 na volti 12.8 badala ya 12, umeitambua, kwa sababu ndani mna seli nne za volti 3.2 zilizounganishwa mfululizo. Muuzaji akikwambia haiwezi kuungua kabisa, mpunguzie sifa kidogo. Ni vigumu kuiwasha, lakini elektroliti yake bado ni kimiminika kinachoshika moto.

Magadi, si chumvi

Sasa tuijie hiyo "betri ya chumvi". Jina limetoka kwenye sodiamu, metali iliyomo katika chumvi ya mezani, na kutoka hapo watu wamefikia kuamini kwamba betri hizo hujazwa maji ya bahari. Sivyo. Ndani yake ayoni za sodiamu zinafanya kazi ileile ya kuvuka na kurudi ambayo lithiamu inafanya, na malighafi ya upande chanya mara nyingi hutengenezwa kwa kutumia kabonati ya sodiamu. Huyo ni jamaa wa karibu wa magadi yale ambayo bibi huyatia kwenye sufuria ya maharage ili yaive upesi, na ambayo yamechimbwa kibiashara katika Ziwa Magadi nchini Kenya kwa zaidi ya miaka 100. Kama ni lazima tuipe jina la mtaani, "betri ya magadi" lingekuwa karibu zaidi na ukweli.

Faida ya sodiamu ni kwamba imejaa kila mahali; katika ganda la dunia iko kwa wingi unaozidi ule wa lithiamu zaidi ya mara 1,000. Upungufu wake ni wa kimaumbile na hakuna maabara itakayouondoa. Atomi yake ina uzito wa zaidi ya mara tatu ya atomi ya lithiamu, ayoni yake ni nene zaidi, na volti inayotoa ni ya chini kidogo. Haitaki kukaa vizuri kati ya tabaka za kinywe, kwa hiyo hutengenezewa kaboni ngumu yenye tabaka zilizovurugika na mianya mipana, na mojawapo ya malighafi zinazotoa kaboni nzuri ya aina hiyo ni vifuu vya nazi vilivyochomwa bila hewa. Nakiri kwamba, nikiwafikiria watu wa Pwani wanaovitumia vifuu kuwashia jiko, jambo hilo lilinifurahisha kuliko mengine yote niliyosoma juu ya betri.

Kampuni ya CATL ya China ilitangaza seli yake ya kwanza ya sodiamu mwaka 2021, ikisema inabeba wati-saa 160 kwa kilo, yaani uniti moja katika kilo 6 hivi. Ni kiwango cha heshima, cha kutosha kwa magari madogo na kwa mitambo ya kuhifadhi umeme wa sola ambako uzito si hoja. Kisha bei ya lithiamu, iliyokuwa imepaa hadi mwishoni mwa 2022, ikaporomoka kwa zaidi ya robo tatu ndani ya mwaka mmoja hivi, na sehemu kubwa ya sababu ya kuihama lithiamu ikayeyuka nayo. Kwa hiyo utabiri kwamba sodiamu itaizika lithiamu ni wa haraka mno, sawa na ule wa kwamba kinywe cha Mahenge au nikeli ya Kabanga vitatajirisha nchi kwa kuchimbwa tu. Kinywe hakiingii katika betri kikiwa kama kilivyotoka ardhini: husafishwa hadi kukaribia asilimia 100, huviringwa kuwa punje za mviringo na kupakwa kaboni, na zaidi ya asilimia 90 ya kazi hiyo hufanyika China.

Salfa inastahili neno moja. Ni unga uleule wa njano ambao wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi hupuliza mashambani, ni rahisi kupatikana, na kwa nadharia betri ya lithiamu na salfa ingebeba mara kadhaa ya nishati ya betri za leo. Shida ni kwamba, betri ikifanya kazi, salfa huyeyuka kidogokidogo ndani ya elektroliti kama sukari ndani ya chai, ikahamia upande isikotakiwa.

Maji yakigeuka jiwe

Kati ya matangazo yote, hili la betri yabisi ndilo linalorudiwa zaidi. Hapa kinachobadilishwa ni maji ya katikati: badala ya kimiminika huwekwa elektroliti ya kauri, ya misombo ya salfa au ya plastiki maalumu. Lengo si kuepuka moto tu. Lengo kubwa ni kuirejesha lithiamu tupu upande hasi, ile aliyoanza nayo Whittingham, kwa kuwa hiyo haihitaji kinywe cha kuihifadhi na hivyo betri inakuwa nyepesi. Lithiamu tupu ina tabia mbaya: ikirudi wakati wa kuchaji hailali sawasawa, bali huota miiba kama mizizi, na mwiba ukifika ng'ambo pande mbili hugusana na moto huanza. Mwaka 1989 betri za aina hiyo kutoka kampuni moja ya Kanada zilisababisha moto katika simu huko Japani, na teknolojia ile ikawekwa kando.

Ilidhaniwa kwamba ukuta wa kauri ungeizuia miiba hiyo. Imeonekana kwamba lithiamu, ingawa ni metali laini ya kukatika kwa kisu, hupenya katika nyufa ndogo za kauri na kuzipanua. Tena, kimiminika hulowesha kila pembe, lakini yabisi juu ya yabisi ni kama matofali mawili yaliyopangwa bila udongo: yanagusana hapa na pale tu, na betri nyingi za majaribio hulazimika kubanwa kwa nguvu ili zifanye kazi. Mwaka 2011 kundi la Ryoji Kanno nchini Japani lilipata yabisi yenye salfa inayopitisha ayoni karibu sawa na kimiminika, jambo lililoamsha matumaini makubwa. Lakini misombo ya jamii hiyo ikikutana na unyevu wa hewani hutoa gesi yenye sumu inayonuka kama yai viza. Toyota waliwahi kusema betri yabisi zingekuwa katika magari yao mwanzoni mwa miaka ya 2020; mwaka 2023 walitaja 2027 au 2028. Sioni hila katika hilo.

Kuhusu kuchaji kwa dakika 5, tupige hesabu moja. Gari lenye betri ya uniti 60 likijazwa kwa dakika 5 linahitaji kilowati 720, sawa na mabirika 360 ya umeme ya wati 2,000 yakichemka kwa pamoja. Hata betri ikiweza, transfoma ya mtaa je? Huko Nairobi na Kigali waendesha bodaboda za umeme wamelipita swali hilo kwa kubadilishana betri kituoni, iliyokwisha kwa iliyojaa.

Zipo pia imani tulizorithi kutoka betri za zamani. Mawe ya redio yalianikwa juani, na kweli yaliongea tena kwa muda, kwa sababu joto huharakisha mabaki ya kemikali yaliyokuwa yamezorota. Katika betri ya lithiamu joto hilohilo huukuza ule utando unaokula lithiamu, hivyo kuianika ni kuizeesha. Ushauri wa kuimaliza chaji hadi sifuri kabla ya kuchaji nao ulihusu betri za nikeli na kadimiamu. Lithiamu huumia ikikaushwa.

Kutoka kifungo hadi kiwandani

Matokeo mengi tunayoyasoma yametoka kwenye seli ya maabara yenye ukubwa wa kifungo cha koti, ambamo mtafiti huweka lithiamu na elektroliti kwa wingi kuliko betri ya dukani inavyoweza kubeba. Wasafiri wakipotea, wapo wa akiba, na hasara haionekani. Kiwandani malighafi hiyohiyo hupakwa kwenye karatasi za metali zenye urefu wa kilomita nyingi, ndani ya vyumba vyenye hewa kavu kupita jangwa, na doa moja huharibu seli nzima.

Kompyuta zimeanza kuifupisha sehemu moja ya kazi hii. Mnamo Januari 2024 Microsoft na maabara ya taifa ya Pacific Northwest ya Marekani walieleza jinsi walivyochuja malighafi zaidi ya milioni 32 zilizowezekana wakabaki na 18, na uchujaji wenyewe ulichukua saa 80 hivi. Mojawapo, elektroliti yabisi inayochanganya lithiamu na sodiamu, ilitengenezwa na kutumika kuwasha taa. Lakini kuijaribu betri kwa kuichaji mara 1,000, saa moja ya kujaza na saa moja ya kumaliza, huchukua siku 83, na hakuna kompyuta inayozipunguza. Kujua itakuwaje baada ya miaka 10 chini ya paa la bati la Dodoma kunahitaji hesabu za makadirio, oveni za kuizeesha kwa nguvu, na mwishowe miaka 10 yenyewe.